Kisha ya Mama, Afterwards ya Daktari

Neno la kwanza la Kiingereza nililolipenda ni "afterwards". Wenzangu darasani walipenda maneno ya kujionyesha, yale marefu ya redioni. Mimi nililipenda hili kwa sababu lilikuwa na utaratibu, na katika maisha yangu hakuna kingine kilichokuwa na utaratibu.

Tulijifunza alasiri katika kanisa dogo la udongo huko Rubondo, akina mama wengi na wanaume wachache wenye haya. Tulikuwa tumefika Nakivale, kambi ya wakimbizi hapa Uganda ambamo Rubondo ni mtaa mmoja, na Kifaransa cha kubabaisha na Kiswahili cha kwetu Kivu ya Kusini. Mwalimu alikuwa Mrundi wa makamo, Mkatoliki aliyepiga ishara ya msalaba hata kabla ya kufuta ubao. Kiingereza alijifunzia hapa hapa kambini, kwa hiyo alikuwa ametutangulia hatua chache tu, lakini alijua kulieleza neno mpaka ulishike mkononi.

"Afterwards ni kisha," alisema. "Ni halafu, ni baadaye. Lakini si kila kisha ya kwenu ni afterwards."

Akatusimamisha mmoja mmoja tueleze tulivyoshinda. Ukisema ulichota maji, kisha ukapika maharage, sawa. Ukianza na maharage, anakurudisha kwenye maji. Alituambia neno lenyewe halichagui kiti, linakaa mwanzoni mwa sentensi au mwishoni, vyovyote upendavyo. Wala halijali muda, maana kati ya jambo na jambo inaweza kupita dakika au miaka kumi. Linajali kitu kimoja tu, kwamba jambo la kwanza lilikwisha kutokea ndipo la pili likaja. "Mtu wa Kiingereza akilisikia anakuamini," alisema. "Harudi nyuma kuchungulia."

Mama mmoja, jirani yangu, alisimama akasema kwa Kiingereza chake kwamba walikimbia vita, afterwards wakavuka mpaka, afterwards wakafika Nakivale, afterwards... Akakwama. Akamgeukia mwalimu kwa Kiswahili.

"Mwalimu, kama nyuma ya pale hakuna kitu, nitasema nini?"

Tulicheka mpaka tukavunjika mbavu. Mimi nilicheka zaidi ya wote, kisha nikarudi nyumbani na swali lake, kwa sababu tangu tufike hapa nami nilikuwa nimekwama palepale alipokwama yeye.

Nyumbani nilikuwa na mama yangu mzazi, na kisha ya mama yangu ilikuwa nyingine kabisa. Kwetu habari mbaya haitangulii. Mwenye habari hupokewa, hukaa, hupewa maji, huulizwa habari za njiani, naye huanza na yale mema, akaja taratibu kama mtu anayeshuka mlima na mzigo kichwani. Baba yangu alipofariki, sisi tukiwa mbali, mjumbe alitueleza kwanza kwamba mbuzi wake amezaa mapacha. Kisha mvua iliharibu daraja. Kisha mchungaji anawasalimu sana. Kisha, akiangalia miguu yake, mzee ametutoka. Baba alikuwa amezikwa kabla mbuzi yule hajazaa, na hakuna aliyemwita mjumbe yule mwongo. Kisha zake hazikufuata jua. Zilifuata nguvu za wasikilizaji.

Na mzee anaposimulia hivyo, hasukumwi. Humwulizi mama yako "kisha?" wala "halafu?" kabla hajafika. Kwetu hiyo si adabu, na mama yangu alikuwa na sababu yake zaidi. Tulipokuwa tunakimbia, kwenye kila bariyeri, yaani kizuizi cha barabarani, askari walimsimamisha na kumwuliza ametoka wapi, halafu? amepita wapi, halafu? Kila akijibu, halafu? Hata watoto wangu walijua kwamba neno hilo haliulizwi kwa bibi.

Kitinda mimba wangu alikuwa msichana, ndiyo kwanza ameanza kutembea kwa kushika ukuta. Alikuwa mtoto wa bibi yake. Mimi nilimzaa na kumnyonyesha, lakini mgongo aliojua ni wa bibi. Mama alimbeba tangu asubuhi mpaka jua linazama, akipalilia naye, akipika naye, akienda naye kanisani. Majirani waliomwachia watoto wao walimtania kwamba kibyongo chake kina macho. Nilimwambia vidole vyake vimeanza kukakamaa, amwache mtoto atambae. Akaniuliza kama mimi nililelewa kwa kutambaa.

Mume wangu alikuwa Oruchinga, kambi nyingine, akilima shamba la kukodi. Mimi nilikuwa nafuata nguo za mitumba Mbarara na kuzirudisha kuuza kambini. Safari ile nililala Nyamitanga, huko huko Mbarara, kwa rafiki yangu, kwa sababu robota nilizozitaka zilifunguliwa asubuhi. Nilirudi Rubondo kesho yake na furushi langu la nguo, nimechoka, nimefurahi, maana nilikuwa nimepata sweta nzuri za watoto.

Mama alinipokea, akanipa maji. Mtoto amekula muzuri, akasema. Kisha amelala sana. Kisha mwili uko na moto.

Nilimshika, na kweli alikuwa anawaka. Tulimpeleka kituo cha afya, mimi na mama. Kipimo kikasema malaria, na kipimo hakikusema uongo, malaria ilikuwepo. Tukapewa dawa. Aliitapika. Tukarudi, akapewa nyingine, akaitapika nayo. Jioni hakunyonya. Alipofumbua macho hakuniangalia mimi, aliangalia kitu kilichokuwa nyuma yangu, na mguu wake mmoja ukaanza kurukaruka wenyewe. Tangu hapo sikumbuki kama nilikuwa nalia au nimenyamaza. Nakumbuka mhudumu wa kituo akipiga simu, na gari la wagonjwa likija kutupeleka Mbarara asubuhi, na mama yangu akipanda bila kuulizwa, kitenge cha kumbebea mtoto kimekunjwa mapajani mwake.

Njia nzima niliomba kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na kwa hicho Kiingereza changu cha alasiri, kama vile Mungu angekuwa anapokea zaidi kwa lugha moja kuliko nyingine.

Daktari aliyetupokea alikuwa binti wa Kinyankole, mdogo kwangu kwa umri, mwenye Kiswahili kidogo alichorithi kwa baba yake mwanajeshi. Alimulika macho ya mtoto kwa tochi ndogo, jicho moja, jingine, akarudia la kwanza. Akampapasa kichwa polepole nyuma ya sikio. Uso wake ukabadilika.

"Mama, nani alikuwa na mtoto?" aliuliza.

"Bibi yake."

"Basi bibi ataongea. Mimi nataka kujua yote. Kiswahili yangu ni kidogo, wewe utaniambia kwa Kiingereza."

Nikamwambia mama aeleze. Mama alikaa vizuri kwenye benchi, akafunika magoti, akaanza kama anavyoanza siku zote. Mtoto aliamka muzuri. Alikula bugali na sombe. Kisha alilala sana. Kisha akapata moto. Kisha akatapika. Kisha akatapika tena. Mimi nikawa naweka "afterwards" kila palipokuwa na kisha, moja baada ya nyingine, vizuri kabisa, na katikati ya hofu ile yote kuna sehemu yangu ndogo, ya kipumbavu, iliyojivuna kwamba Kiingereza kinatoka.

Mwisho kabisa, kwa sauti ya chini, mama akasema, "Kisha alitelemuka kidogo mu mugongo yangu."

Nikasema hivyo hivyo. Afterwards she slipped a little.

Daktari aliinua mkono. Akaniuliza, polepole ili nielewe, kama mtoto alianguka baada ya homa. Kama alikuwa tayari amelegea, ndipo akateleza. Kama ilikuwa jana, tukiwa tayari tunampa dawa. Aliangalia saa ya ukutani. Akasema kuna uvimbe nyuma ya sikio, na jicho moja halifanani na jingine. Kama mtoto ni wa malaria ana njia moja ya kumtibu, na kama ni wa kuanguka ana nyingine, ya haraka, ya kupasua. Anahitaji kujua kipi kilitangulia na lini.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimekaa na mama yangu maisha yangu yote, naijua kisha yake, najua kwamba jambo analoliweka mwisho ndilo zito, na nilikuwa nimeigeuza kuwa Kiingereza kama kasuku. Bila ule uvimbe daktari angeniamini. Asingerudi nyuma kuchungulia.

"Mama," nikasema, "alianguka lini?"

"Nilishasema."

"Mbele ya moto ao nyuma ya moto?"

Akaangalia kitenge chake. "Weye acha nipumue."

Mtoto alikuwa kitandani hatua chache kutoka kwetu, mguu unaruka, unatulia, unaruka. Daktari alisimama na kalamu hewani. Sikuwa na nafasi ya kungoja mtu ashuke mlima.

"Mama, ulitoka nyumbani. Kisha?"

Akafunika magoti upya.

"Ulienda wapi? Kisha?"

"Unaniuliza kama basoda ba mu bariyeri," akasema.

"Halafu?" nikamwambia. Nilipaza sauti. Wagonjwa walitugeukia. "Halafu, mama? Halafu?" Na kwa sababu nilikuwa nimeshapita mpaka, nikamtupia na methali ambayo mtoto hamtupii mzazi: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mama yangu aliniangalia. Nililijua jicho lile, nilishaliona likiwaangalia watu wenye bunduki. Halikuwa la hasira. Lilikuwa jicho la mtu anayefungua furushi lake chini, mbele ya wageni, akijua kwamba kila kilichomo kitashikwashikwa.

"Alianguka mbele," akasema. "Ile asubuhi ulienda Mbarara. Mbele ya moto, mbele ya yote. Nilikuwa fasi ya maji. Nilijaza dumu, nikainama nimurushe mu mugongo, nifunge kitenge. Bidole bikakataa. Akapita juu ya bega, akapiga kichwa pale pa simenti, pembeni ya pampu. Akalia kidogo tu. Kisha akanyamaza, akalala. Nikasema, Mungu asifiwe, amelala." Akameza mate. "Mi njo nilimuangusha."

Nikamwambia daktari. Safari hii nilianza na pampu. Kiingereza kilinitoka kibovu, kimevunjika, ila kila kitu kilikaa mahali pake, kuanguka kwanza, afterwards usingizi, afterwards homa, afterwards matapishi, na kabla sijamaliza daktari alikuwa ameshaita watu na kitanda kimeshaanza kusukumwa.

Walimpiga picha ya kichwa, wakaona damu imejaa ndani. Wakampeleka kupasuliwa. Sisi tulikaa nje kwenye nyasi, wanakokaa wenye wagonjwa, katikati ya nguo zilizoanikwa na masufuria ya watu. Mwanamke mmoja wa Kinyankole alitupa ndizi za kuchemsha bila kutuuliza sisi ni kina nani. Mama hakugusa. Nilimwambia ale, akasema amekula. Nilitaka kumwomba msamaha na nilitaka kumpiga, yote mawili kwa mkono mmoja, na kwa kuwa sikuweza kuchagua niliukalia mkono wangu.

Nilimpigia simu mume wangu. Nikamwambia malaria imempanda mtoto kichwani, aje. Ndivyo ilivyotoka. Mama alikuwa kando yangu, anasikia.

Jua lilikuwa bado juu daktari alipotoka. Yule yule aliyetaka mambo kwa mpangilio, ya kwanza kwanza na ya pili pili, alitujia taratibu akivua kofia ya chumba cha upasuaji. Hakuanza na mtoto.

"Mama, mmekula?" akauliza. "Wewe kaa chini kwanza. Na bibi pia akae. Kuna maji?"

Nilikuwa nimesimama, nikakaa. Nilijua. Angeweza kuendelea na mbuzi na daraja na mchungaji mpaka jioni, mimi nilikuwa nimeshajua. Akasema walifungua, wakatoa damu, mtoto alipigana sana, ni mtoto hodari, waliangalia moyo wake. Alikuwa anatafuta maneno kwa Kiswahili cha baba yake na machozi yamemlenga. Nilimwacha amalize. Sikumsukuma. Mama yangu naye alimsikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa, anaitikia "ndiyo" kila baada ya maneno machache, kama anavyostahili kusikilizwa mtu aliyebeba habari.

Nilimpa mume wangu habari kwa simu, tukamrudisha mtoto Rubondo siku ile ile. Mume wangu alikuwa ameshafika kutoka Oruchinga, amechimba kaburi yeye mwenyewe na majirani. Alimpokea mtoto akiwa amefungwa kitenge kile kile, akambeba ndani.

Kwetu, kabla ya kuzika, mtu aliyekuwa na mgonjwa husimama mbele ya waombolezaji na kueleza ugonjwa ulivyoanza mpaka ulivyokwisha. Haiachwi. Isiposemwa, kila mtu anaondoka na hadithi yake, na katika kambi hadithi huondoka na uchawi mdomoni. Warundi wa mstari wa chini wa nyumba walikuwa wamekuja, akina mama wa kanisa walikuwa wamekuja, mwalimu wetu alikuwa amesimama nyuma ameshika kofia. Mume wangu alikuwa ameketi kwenye kigogo, udongo bado umemganda mikononi. Mama yangu alikuwa chini, ameegemea ukuta. Wote wakaniangalia mimi.

Nilisimama. Naapa sikuwa nimepanga. Nilimwona mama yangu alivyokuwa mdogo pale ukutani, nikawaona wale wanawake waliomwachia watoto wao kila siku wakienda shambani, nikaona mikono ya mume wangu, na mdomo wangu ukaanza wenyewe. Nilisema mtoto alikuwa mzima, anakula vizuri. Kisha alilala sana. Kisha akapata homa, kituo wakasema malaria. Kisha akatapika. Kisha, akiwa tayari amelegea, akateleza kidogo mgongoni kwa bibi yake. Ukitoa huko kulegea, hakuna neno hata moja la uongo katika yale niliyosema. Nilikuwa nimeyapanga kama mama alivyoyapanga, na watu walikuwa wanatikisa vichwa, wanasema pole, malaria, malaria hii itatumaliza.

"Hapana."

Mama yangu alikuwa anainuka. Alijiinua kwa kushika ukuta, mkono baada ya mkono, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu hakuna aliyeelewa anakwenda wapi.

"Binti yangu ananihurumia," akasema. "Mutoto alianguka mbele. Mi njo nilimuangusha, pale ku pampu. Kisha akalala. Kisha akapata moto. Kisha binti yangu akarudi, na mi sikusema. Kisha kituo bakaniuliza, na mi sikusema. Kisha dakitari akaniuliza, njo nikasema." Akamtafuta mume wangu kwa macho, akampata. "Ni vile ilikuwa, baba. Ilifuatana vile."

Alisimama kidogo, kama anangoja mtu amwulize zaidi. Hakuna aliyemwuliza. Akakaa.

Mume wangu aliangalia udongo mikononi mwake. Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na mtoto, tukaenda tukazika.

Amerudi Oruchinga. Anasema shamba halingoji mtu, na ni kweli, halingoji. Hupiga simu jioni kabla watoto hawajalala. Huuliza hali ya watoto, mmoja mmoja kwa kufuata kuzaliwa. Kisha huuliza hali yangu. Kisha huuliza mvua, majirani, hata mbwa wetu. Mama akisikia simu inalia huacha alichokuwa anafanya, akaja akakaa kwenye mkeka karibu nami, amejifunika magoti, kichwa amekiinamisha upande wa simu. Mimi humjibu mume wangu polepole, narefusha kila jibu, ili asikose nafasi ya kumwulizia mama. Akishamaliza mbwa hunitakia usiku mwema. Mama hungoja mpaka mwanga wa simu uzimike, halafu huinuka kwa kushika ukuta, akarudi kwenye kazi yake.